Kaya Iliyotolewa Kwenye Sampuli

Wakati wa kiangazi, kisima chetu pale Nkololo kilikuwa shimo katika mchanga wa mto. Maji yake yalitoka polepole. Mwanamke mmoja alishuka, akachota kwa kata mpaka chini likabaki tope, akapanda na ndoo yake, kisha sote tukakaa kungoja shimo lijae tena. Aliyetoka ndiye aliyemwita anayefuata. "Mama Shida, zamu yako." "Mama Masele, shuka." Hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, isipokuwa wasichana ambao hawajazaa.

Mimi niliitwa Mama Kabula kwa miaka yote ya Kabula. Alipokufa, jina hilo likaacha kutajwa. Sidhani kama walikaa wakakubaliana. Ilikuwa huruma tu, kila mmoja aliogopa kuwa yeye wa kunitonesha. Lakini sikuwa na mtoto mwingine wa kuitiwa, kwa hiyo zamu yangu ilipofika, aliyetoka shimoni alinitazama akasema, "Haya, na wewe." Wengine waliinua kidevu tu. Nikawa nachota maji sina jina.

Naandika haya kwa sababu wanaoyajua wamebaki wachache, na kwa sababu nilisoma hadi kidato cha nne na sijapata kitu kingine cha kufanyia elimu hiyo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, huu mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Godauni la ushirika pale Nkololo lilikuwa limefungwa, ndani wamo popo, na wanunuzi wapya walitundika mizani zao kwenye miti kando ya barabara. Mume wangu Mboje aliuza mavuno yetu ya kwanza kwa yule aliyefika mapema, kisha akakusanya ng'ombe na kuondoka na wenzake kwenda Rukwa kutafuta malisho. Alisema atarudi mvua zikianza. Kila asubuhi alipokuwa akitoa ng'ombe zizini ilimlazimu apite karibu na kaburi la mtoto, na nilikuwa nimemwona akigeuza uso. Sikumzuia kwenda. Nilibaki na nyumba, shamba, na kaburi lile nyuma ya uzio wa minyaa.

Wageni walifika mwezi wa nane, kwa Landrova nyeupe. Walikuwa vijana, wengine wakufunzi wapya wa vyuo vya ualimu, wengine wametoka chuo kikuu juzijuzi, na walikuwa Bariadi mjini kwenye semina ya kufundishwa mbinu za utafiti wa elimu. Shule nyingi za wilaya zilikuwa zimeanza kupungua watoto. Michango ilikuwa imeongezeka, na wazazi wengi waliona heri mtoto achunge. Serikali ilitaka kujua hasa kuna nini, ndipo wakaletwa vijana hao wajifunze kuuliza. Asubuhi walifundishwa darasani mjini, mchana waliletwa kwetu kufanya mazoezi.

Siku ya kwanza niliwaona kwa mbali kwenye uwanja wa godauni. Binti mmoja mwembamba, amefunga kitambaa cha buluu kichwani, alichuchumaa mlangoni, akaweka kalamu chini na kuizungusha kwa vidole. Kalamu ilizunguka, ikasimama, imeelekea upande wetu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ngeleja, alirudi nyuma hatua moja.

"Jamani, huyu ni mfumu," Mama Shida alisema. Yeye ni jirani yangu, na mfumu kwetu ni mganga apigaye ramli. "Tazama mkono wake. Wenzake hutumia kuku, yeye anatumia bic."

"Si ramli, mama," binti alijibu kwa upole. "Ni namna ya kuchagua nyumba bila upendeleo. Kalamu ikisimama, tunafuata upande huo, tunahesabu nyumba."

"Ndivyo na wao wanavyosema. Si mimi niliyechagua, ni kuku aliyechagua."

Watu walicheka, hata binti akacheka. Mimi niliondoka nikarudi nyumbani. Sikuwa napenda tena kukaa penye watu wanaocheka, si kwa chuki, ila nilikuwa naona ninavyowapunguzia kicheko.

Kesho yake nilikuwa nimekaa ndani ya uzio nachambua pamba ya mwisho. Zamani, wakati wa ushirika, tulitenga pamba safi na pamba fifi, na karani alikurudishia gunia ukichanganya. Wanunuzi wapya walichukua yote pamoja. Mikono yangu ilikuwa imezoea, ikaendelea kutenga. Nikasikia nyayo nje ya minyaa, na sauti ya Ngeleja.

"Hapa paruke, binti. Twende ile yenye bati."

"Hapa ndipo hesabu ilipoangukia, babu."

"Najua. Lakini hapa hapana mtu."

"Moshi unatoka."

"Nakwambia hapana mtu wa maswali yenu."

"Mkufunzi wetu ametukataza kuruka nyumba. Hata kama imefungwa tunatakiwa tubishe kwanza."

Ngeleja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananikinga. Lakini nilikaa na pamba mkononi nikalisikiliza lile neno lake, hapa hapana mtu, na nikajua ndilo neno ambalo nyumba zote za kijiji zimekuwa zikilisema bila kulitamka.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Mwangaluka, mayu," alisema. Ni salamu yetu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Mwadila," nilimjibu, kwa salamu ya mchana.

"Nimekosea tena. Tangu jana nawasalimia watu asubuhi mpaka jua linazama."

Nilimpa kigoda. Alisema anaitwa Mektilda, kwao ni Mbinga, na ni mkufunzi wa mwaka wa kwanza. Akamgeukia Ngeleja, ambaye alikuwa amekwisha kutafuta gogo la kukalia.

"Babu, samahani, naomba ukae pale nje. Tumefundishwa anayeulizwa awe peke yake."

"Kwani nitamla?"

"Hapana. Ila akikuona atajibu unayoyapenda wewe."

"Huyu? Hajawahi kujibu ninayoyapenda tangu aolewe hapa." Lakini alitoka, akaenda kukaa kwenye kivuli cha mbali.

Mektilda aliweka karatasi zake juu ya ubao mwembamba, akauliza kwanza kama nakubali kuulizwa, kwamba naweza kukataa na hakuna atakayenichukia. Nilisema nakubali. Kisha akasema, "Nikuite nani?"

Ndilo swali. Halikuwemo kwenye karatasi. Aliuliza kwa adabu tu, kama mtu aliyelelewa vizuri, kwa sababu hakutaka kunitaja kwa jina kavu. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani.

"Mama Kabula," nilisema.

"Asante, Mama Kabula."

Nilirudi kuchambua pamba ili asinione uso. Ilikuwa imepita masika nzima bila kusikia jina hilo kwa sauti ya mtu.

Aliuliza nyumba imeezekwa kwa nini, akaandika nyasi. Aliuliza kama tuna redio. Aliuliza ng'ombe wetu ni wangapi.

"Wapo," nilisema.

"Wangapi, Mama Kabula?"

"Wapo, mwanangu."

Alisita, akaandika kitu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu, na watu hawahesabiwi kabisa. Nadhani walikwisha kumwambia hivyo kwenye nyumba nyingine, maana hakunilazimisha. Hata watoto hakuniuliza ni wangapi. Aliuliza, "Kabula yuko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Alizaliwa mvua inanyesha, ndiyo maana ya jina lake."

"Kabla ya kwenda shule anafanya kazi gani nyumbani?"

"Anafagia uwanja. Anakwenda na mimi kisimani."

"Nani anamsaidia masomo yake?"

"Mimi. Ila hesabu ananishinda."

Mektilda alitabasamu huku akiandika. Aliuliza kama Kabula anapenda shule, kama analalamikia walimu, kama anatumwa kwenda shamba la mwalimu. Nilimjibu kila swali. Sikuwa naona kama natunga kitu. Hivyo ndivyo Kabula alivyokuwa, na hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza habari zake tangu matanga yaanuliwe. Watu walikuwa wameniletea unga na kuni na pole, lakini swali hata moja hawakuniletea.

Alipomaliza alinishukuru, akaenda zake na Ngeleja. Nilikaa mpaka jua likashuka. Pamba yote ilikuwa imetengwa, safi huku na fifi huku, na hapakuwa na wa kuiona.

Baada ya siku mbili alikuja kijana mwingine, Marcelo, amevaa kofia ya kapelo na ana haraka. Bahati mbaya alinikuta na Mama Shida, aliyekuja kuomba moto. Alikuwa ameshika kaa lake juu ya kigae, hajaondoka bado.

"Mimi nimetumwa kurudia," Marcelo alisema. "Nyumba ileile, maswali yaleyale, muulizaji mwingine. Majibu yakilingana, tunajua karatasi ya kwanza ni ya kweli."

"Na yasipolingana?" Mama Shida aliuliza.

"Ndiyo shida yenyewe, mama." Alifungua karatasi zake, akanigeukia mimi. "Samahani, nianzie mwisho. Nimetoka shuleni sasa hivi. Mwenzangu ameandika hapa kuna mtoto wa darasa la sita anaitwa Kabula. Mwalimu wa darasa ni mgeni, amehamia juzi. Jina halimo kwenye mahudhurio. Akaita, Kabula yuko wapi. Watoto wakatazama chini, hakuna aliyejibu. Na mzee balozi anasema alimwambia mwenzangu tangu mwanzo kwamba hapa hapana mtu. Sasa nakuuliza wewe, mama. Unaye mtoto wa darasa la sita?"

Mama Shida alinitazama. Kaa lilikuwa likifuka moshi mbele ya uso wake na hakulipuliza.

Ningesema ninaye, Mama Shida angeona nimerukwa na akili, na kufika jioni kijiji kizima kingekuwa na hadithi hiyo. Ningesema sina, ningekuwa nimetamka kwa kinywa changu neno ambalo sikulitamka hata siku ya kumzika. Wakati ule walikuwepo wanaume wa kutangaza msiba, mimi nililia tu. Kwa hiyo nilinyamaza. Marcelo alingoja, tena alingoja kwa adabu, kisha akaandika mstari mfupi.

"Binti mwenyewe alifika hapa kweli?"

"Alifika," nilisema.

"Aliuliza haya?"

Nilinyamaza tena, maana ningejibu hilo ningejibu yote. Alifunga karatasi zake akaaga.

Mama Shida alibaki amesimama. Nilijua ameelewa, kwa maana yeye ndiye aliyemwosha mwanangu pamoja nami. Lakini alichosema ni hiki tu: "Moto wako nao unazimika," akainama, akanichochea kuni, akaenda zake.

Kesho yake kisimani ndipo niliposikia. Dereva wa Landrova alikuwa akila kwenye mgahawa wa shemeji yake Mama Shida, na habari za semina zote zilikuwa zinapitia kwenye ugali huo.

"Yule binti wa kalamu wanamrudisha kwao," Mama Shida alisema, macho yake yako shimoni, hayako kwangu. "Eti hakuingia kwenye nyumba. Alikaa chini ya mti akajaza majibu kutoka kichwani mwake. Mkufunzi amesema mtafiti wa namna hiyo hafai, na barua itakwenda chuoni kwake."

"Si nilisema mfumu?" mwingine alidakia. "Ila ni mfumu wa uongo."

"Wasomi nao wavivu wamo."

Walicheka. Mama Shida hakucheka. Maji yalikuwa yakichuruzika chini, kidogokidogo. Nilifikiria jinsi binti yule alivyoniambia asante, Mama Kabula. Nilijua ningeweza kukaa kimya tena, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa kuwa mfiwa anaruhusiwa kukaa kimya. Lakini mtoto wa watu angerudi Mbinga na jina la mwongo, nami nina jina langu kwenye karatasi yake, zuri, kwa mwandiko safi, mahali pekee duniani lilipobaki. Kumwokoa ilikuwa lazima nikalifute.

"Haya, na wewe," aliyetoka shimoni aliniambia.

Asubuhi iliyofuata nilipanda lori la mnunuzi mmoja lililokuwa likienda Bariadi. Tulikaa juu ya pamba yenyewe, imemwagwa bila magunia, wanawake wawili wa Mwandoya na mimi. Wao waliongea njia nzima habari za udanganyifu wa kwenye mizani. Pamba ilikuwa na joto, ukikaa vibaya ilikumeza mpaka kiunoni. Nilikuwa nikijisemea maneno nitakayosema, na kila nilipofika neno lile, lori liliruka shimo, nikaanza upya.

Semina ilikuwa kwenye darasa la shule mjini, madirisha hayana vioo. Nilisimama mlangoni. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: JE, MTU MWINGINE AKIULIZA, ATAPATA JIBU HILOHILO? Mkufunzi alikuwa mzee wa makamo, ana vumbi la chaki kwenye mabega ya koti. Walikuwa wakimwita Mwalimu Januarius. Mektilda nilimwona nyuma kabisa, peke yake kwenye dawati la watu watatu. Mkoba wake ulikuwa sakafuni umeshafungwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Nimekuja kwa ajili ya karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Ile ya Nkololo. Inayosemwa ni ya uongo."

Vijana waligeuka wote. Marcelo alivua kofia yake. Mwalimu Januarius aliweka chaki chini.

"Ingia, mama. Wewe ni nani?"

Safari nzima nilikuwa sikulifikiria swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote.

"Mimi ni Mama Kabula," nilisema. "Binti huyu alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda changu. Aliuliza yote yaliyoandikwa, na hakuongeza wala hakupunguza. Majibu ni yangu."

"Na Kabula?"

Nje, watoto wa shule walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha, darasa zima kwa pamoja.

"Kabula amekufa," nilisema. "Alipata homa wakati wa kupalilia pamba. Tumemlaza nyuma ya minyaa. Niliulizwa yuko darasa la ngapi. Alikuwa la sita. Sikuulizwa kama yu hai."

Ule wimbo wa hesabu ulifika mwisho, ukaanza upya. Kisha msichana mmoja wa mbele alisema, "Pole, mama," na wengine wakafuata, pole, pole sana, huku na huku. Mwalimu Januarius alinijia, akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Na umefanya safari." Alinivutia kiti, akanikalisha. Kisha alisimama akitazama ubao wake kwa muda, na nilipomwona hivyo nilijua kwamba ni mwalimu wa kweli, na mwalimu wa kweli hawezi kuacha swali likapita.

"Mektilda, rudi mbele kwenye nafasi yako," alisema. "Barua haitaandikwa. Nilikosea, na nimekosea mbele ya darasa, kwa hiyo nasema mbele ya darasa." Halafu akawageukia wote. "Sasa niambieni. Kaya hii tuifanyeje?"

Walikuwa wakinitazama mimi.

"Mama huyu amefika mpaka hapa. Tusimdharau kwa kujifanya hatuna kazi. Kaya hii tuifanyeje? Marcelo."

Marcelo alisimama, kofia mkononi. "Itolewe kwenye sampuli, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Alinitazama, akatazama chini kama wale watoto wa darasa la sita. "Kwa sababu tunachukua kaya zenye mtoto wa umri wa kwenda shule. Hii haina."

"Ni sahihi," Mwalimu Januarius alisema, kwa sauti ndogo. "Kaa."

Ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimesoma, niliweza kuona kwamba ni sahihi. Walikuwa wakitafuta kwa nini watoto wanaacha shule, na Kabula hakuacha. Kwenye karatasi yao palikuwa na sababu zimepangwa, utoro, mimba, kuhama, michango, na yeye hakuwa hata moja. Nilimshukuru mwalimu, nikasema lori linarudi mchana, nikatoka.

Mektilda alinikuta kwenye mti ambako malori husimama. Alikuwa amekimbia, kitambaa chake kimelegea.

"Mama Kabula."

"Mwanangu."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ungeandika wapi?"

Alifikiri. "Pembeni. Pembeni kuna nafasi."

"Sasa ndiyo hivyo. Itolewe, kama mlivyofundishwa."

"Nimeshaitoa. Mwalimu alisema niitoe mimi mwenyewe." Alifuta jasho kwa kiganja. "Nimeikunja tu. Sijaichana."

Tulisimama. Muuza karanga alipita, Mektilda akanunua za kutufaa sote wawili, tukala. Kisha akasema, "Sina karatasi hapa. Nauliza tu. Alikuwaje?"

Nilitaka kumweleza mengi, na yote yalinikimbia. Nilikumbuka moja.

"Alikuwa anahesabu watu. Kisimani, tukingoja zamu, alikaa kwenye mchanga akachora vijistari, kila mwanamke mstari wake, ili ajue bado wangapi mpaka tufike. Wanawake walimpiga kofi mkononi. Wakamwambia watu hawahesabiwi, utatuletea balaa. Akafuta kwa mguu. Akageuka huku, akachora tena."

Mektilda alicheka, kisha akaacha. "Angekuwa mwenzetu," alisema.

"Angewashinda."

"Angetushinda, ndiyo."

Lori lilifika. Alinisukuma nikapanda, safari hii lilikuwa tupu, mbao zake zinagonga. Alibaki amesimama pale akipunga mpaka vumbi likamfunika, nami nikapunga, peke yangu kwenye lori zima.

Nilidhani nitajisikia mwepesi, kama wanavyosema watu wakishatua jambo. Sikuwa mwepesi. Nilifika nyumbani nikapita nyuma ya minyaa, nikakaa. Neno nililokuwa nalizuia lilikuwa limeshatoka, limesemwa mbele ya wageni huko mjini, na sasa hata mimi nililijua. Karatasi iliyokuwa na Kabula wa darasa la sita, anayefagia uwanja na kumshinda mama yake hesabu, ilikuwa imekunjwa. Jioni ile sikupika.

Semina iliisha mwisho wa wiki. Mimi nilikuwa shambani naondoa miti ya pamba, maana ilikuwa lazima ing'olewe na kuchomwa kabla ya msimu mwingine. Mama Shida alikuja mbio katikati ya matuta, kanga mkononi.

"Wamekuja kuaga. Landrova imesimama godauni," alisema, akihema. "Yule binti wako ameshuka. Amekutafuta nyumbani, hukuwepo. Akatuuliza tuliokuwa pale."

"Akauliza nini?"

Mama Shida alishika mti mmoja wa pamba, akaung'oa, akautupa kwenye rundo langu. Akang'oa mwingine.

"Aliuliza, Mama Kabula yuko wapi. Watu wote walikuwepo, na Ngeleja, na Mama Masele. Tukatazamana."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nilimwambia Mama Kabula yuko shambani."

Tuling'oa pamoja mpaka mwisho wa tuta. Tulipoangalia barabarani vumbi la Landrova lilikuwa limeshatua.

Kesho yake nilichelewa kisimani. Nilikuta wengi wamekwisha kukaa mchangani na ndoo zao, nikakaa nyuma. Walikuwa wakisema habari ya bei, na habari ya mnunuzi mmoja aliyekuwa hajarudi na hela za watu wa Lagangabilili. Mimi nilikuwa nikitazama mchanga. Kidole changu kilikuwa kinataka kuchora, nikakizuia.

Wakashuka, wakapanda. Jua likawa kali. Mama Shida alishuka, akachota polepole kama kawaida yake, nikasikia kata ikikwaruza chini. Akapanda, akatua ndoo, akajipangusa mikono kwenye kanga. Aligeuka upande wangu, na wanawake wote wakakatisha mazungumzo.

"Mama Kabula," alisema. "Zamu yako."

Sikuweza kuinuka mara moja. Hakuna aliyenihimiza. Shimo lenyewe lilikuwa bado tope tupu, kwa hiyo nilikuwa na muda. Kisha nilishuka, nikachuchumaa kule chini kwenye ubaridi, mahali ambapo mtu haonekani, nikangoja maji yaje. Yalikuja. Nilichota mpaka ndoo ikajaa, nikapanda, nikatazama ni nani aliyekuwa akifuata.

"Mama Masele," nikamwita. "Shuka."